Gari la babu pichani si Cadillac

SWALI: Shikamoo mzee. Babu mzaa mama alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani mwaka 1960. Ametuachia picha mbili nyeusi na nyeupe alizopigwa Ohio. Katika ya kwanza amevaa suti, ameegemea nyuma ya gari lenye mapezi makubwa. Taa ya nyuma ni ndefu, imesimama wima na kujaza pezi mpaka juu. Katika ya pili amekaa kwenye usukani na gari linaonekana kwa mbele: kila upande pana taa moja kubwa na nyingine ndogo ubavuni mwake, na chini ya bampa pana nafasi za wima kama meno ya kitana. Ukingoni pamepigwa chapa JUN 61. Mjomba anashikilia kwamba ni Cadillac. Binamu yangu anasema ni Chevrolet ya 57. Nani kasema kweli? Na nyinyi mnayatambuaje magari haya, maana kwangu yote ni mamoja: makubwa, yanang'aa, yana mabawa. Mnaona nini ndani yake ambacho sisi hatukioni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamekosa, ila binamu yako amepatia mwaka. Gari la babu ni Plymouth, modeli ya 1957, lililotengenezwa na kampuni ya Chrysler. Nasema hivyo bila kusitasita, na nitakuonyesha njia niliyopita ili siku nyingine usihitaji kuniuliza. Na kabla hujasikitika kwamba si Cadillac, nivumilie kidogo: mapezi ya Cadillac ambayo mjomba anayakumbuka, yale marefu yaliyoshinda yote, yalichorwa kwa sababu ya gari hili hili la babu yako.

Nianze na njia. Mtu asiyeyazoea magari haya macho yake huenda kwenye kromu kwanza, na hapo ndipo anapopotea. Kromu ni tarizi ya kanzu. Kanzu moja unaweza kuifumua shingo ukaitarizi upya, watu wakadhani umenunua nyingine, kumbe mkato ni ule ule. Viwanda vya Detroit vilifanya hivyo kila mwaka. Kutengeneza kalibu za kukandamizia bati la paa, milango na madigadi kulikuwa gharama kubwa mno, kwa hiyo bodi moja ilitumika miaka miwili au mitatu. Kubadilisha grili, taa na mikanda ya ubavuni kulikuwa rahisi, na kila vuli mteja alipewa sura mpya. Kwa hiyo soma gari kuanzia kile kilicho ghali kubadilisha kwenda kwenye kilicho rahisi. Vioo na paa vinakwambia zama na kampuni. Mkato wa bati unakwambia kizazi. Taa na grili zinakwambia mwaka. Tarizi ya ubavuni inakwambia daraja, yaani kama mwenyewe alinunua la bei ya chini au la bei ya juu.

Tuliangalie lako kwa mpangilio huo. Katika picha ya pili kioo cha mbele hakiishii mbele. Kinapinda pembeni na kurudi kuelekea kwenye milango. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya hamsini magari mengi yalikuwa bado na kioo cha mbele cha vipande viwili vyenye mwimo katikati. Kioo cha kuzunguka kilianza mwaka 1953 kwenye magari machache ya fahari ya General Motors, likiwemo Cadillac Eldorado, mwaka uliofuata kikaingia kwenye Buick, Oldsmobile na Cadillac za kawaida, na ilipofika 1955 hata Chevrolet, gari la mtu wa kawaida, lilikuwa nacho. Kinapendeza sana ukikiangalia kwa nje. Kwa ndani, nguzo yake iliyopinda ilikuwa ikiwagonga watu magotini kila walipopanda, na mwanzoni mwa miaka ya sitini kikaachwa. Kwa hiyo kioo peke yake kimeshatufungia gari la babu kati ya 1954 na miaka michache baada yake.

Sasa taa, na hapa picha yako ya pili ina thamani kuliko unavyodhani. Tangu 1940 magari ya Marekani yalitumia taa za mbele za duara za kipimo kimoja, inchi 7, moja kila upande. Katikati ya miaka ya hamsini wabunifu walitaka taa nne ndogo, mbili mbili, lakini sheria zilikuwa za kila jimbo na majimbo mengine yalichelewa kuziruhusu. Mwaka 1957 magari machache yalijitosa. Mwaka 1958 karibu yote yalikuwa nazo. Plymouth ya 1957 iko katikati kabisa ya mpito huo, na walichofanya wabunifu wake kilikuwa cha werevu: waliacha nafasi ya taa mbili kila upande, wakaweka taa kubwa moja ya kisheria, na kando yake wakapachika taa ya kuegesha yenye umbo la duara. Kwa mbali unaona taa nne. Ukisogea unaona moja kubwa na moja ndogo, kama ulivyoeleza. Mwaka 1958 taa nne za kweli, zenye kipimo sawa, zikaingia mahali hapo hapo, kana kwamba nafasi ilikuwa imewekwa akiba.

Zile nafasi za wima kama meno ya kitana chini ya bampa ni saini ya 1957. Mwaka 1958 waliziondoa, wakaweka vyuma vya kulala vinavyofanana na grili ya juu.

Kisha nyuma. Plymouth ya 1957 ina taa ndefu nyekundu inayopanda ndani ya pezi. Ya 1958 ina taa fupi ya mviringo chini kabisa, na sehemu ya juu ya pezi imezibwa kwa bati la kung'aa. Wanaoyapenda magari haya huwa wanatazama hapo kwanza, kabla hata ya kuzunguka kuona mbele. Wewe umeniandikia kwamba taa imejaza pezi mpaka juu, basi mwaka umekwisha kujulikana.

Ningekuwa na picha ya nyuma peke yake ningesita kidogo, kwa sababu Chrysler ilikuwa na ndugu watano mwaka ule na wote walivaa mapezi. Dodge ana taa mbili za duara zilizopandana. DeSoto ana tatu, moja juu ya nyingine, kama taa za barabarani, na ukimwona mara moja humsahau tena. Imperial, mkubwa wa nyumba, ana taa iliyozungukwa na pete ya chuma kama shabaha ya bunduki. Lakini Chrysler mwenyewe ana taa ndefu ndani ya pezi kama Plymouth, na kwenye picha iliyofifia mtu anaweza kuwachanganya. Picha ya mbele ndiyo inayomaliza ubishi. Usiitenganishe na mwenzake.

Sasa niruhusu nikusimulie mambo ya gari lenyewe, maana hapo ndipo furaha ilipo.

Miaka michache kabla yake, magari ya Chrysler yalikuwa marefu ya kwenda juu, yamesimama kama makabati. Mkuu wa kampuni, K. T. Keller, aliamini kwamba mtu anapaswa kuingia garini na kukaa akiwa na kofia yake kichwani, na wahandisi wakamtii. Yalikuwa magari madhubuti, yenye heshima, lakini wanunuzi walikuwa wakipita mbele yake bila kugeuka. Mwaka 1949 akajiunga na kampuni mbunifu Virgil Exner, aliyekuwa amefanya kazi Studebaker. Modeli za 1955 zilikuwa zake, na zilipendeza, lakini zile za 1957 ziliwashtua watu. Exner alichora kabari. Likae pembeni yako, gari lile ni mstari mmoja unaoanza chini mbele, karibu na taa, unapita chini ya madirisha na kupanda polepole hadi kwenye ncha ya pezi nyuma. Pezi halikubandikwa juu ya gari. Ni mwisho wa mstari ambao gari zima linauchora. Paa limekuwa jembamba, kama limeelea. Bodi imeshuka kuikaribia barabara, na hata magurudumu yamepungua kutoka inchi 15 hadi 14 ili kuisaidia kushuka.

Angalia tena picha ya kwanza. Babu ameegemea pezi na kiwiko chake kimekaa juu yake bila kujikunja sana, sivyo? Paa nalo halikipiti kifua chake kwa mbali. Hivyo ndivyo unavyoujua uchini wa gari lile. Kwa mtu aliyezoea magari ya mwaka mmoja tu kabla, hiyo ilikuwa kama kuona dau likigeuka ngalawa ya mashindano. Kampuni iliyatangaza kwa maneno yasiyo na haya: ghafla, ni 1960. Na mwaka ule Plymouth iliipita Buick na kurudi nafasi ya tatu kwa mauzo nchini.

Hapa ndipo Cadillac ya mjomba inapoingia. Agosti 1956, kabla modeli za 1957 hazijatoka kwa umma, kijana mmoja mbunifu wa General Motors aitwaye Chuck Jordan aliendesha gari wakati wa mapumziko ya mchana hadi kwenye kiwanja cha Chrysler kule Detroit. Nyuma ya uzio, kwenye majani, aliona safu za magari mapya yamepangwa. Yalikuwa ni Plymouth hizi. Alirudi ofisini akawaambia wenzake, nao wakaenda mmoja mmoja kuchungulia. Walichokuwa wakikichora wao kwa ajili ya 1959 kilikuwa kizito, cha mviringo, kimejaa kromu. Mkuu wao, Harley Earl, alikuwa Ulaya. Vijana wale walianza upya bila yeye, na aliporudi alikubali. Michoro ya 1959 ikatupwa, na kutoka kwenye hofu ile ndiko kulikotoka Cadillac ya 1959, yenye mapezi ya juu kuliko gari lolote la Marekani, na kila pezi limetoboka taa mbili zenye umbo la risasi. Cadillac Eldorado ya wazi ya mwaka ule iliuzwa zaidi ya dola 7,400. Plymouth mpya ya 1957 ungeipata kwa dola elfu mbili na kitu. Kwa hiyo mjomba akikwambia tena kwamba babu alipigwa picha na Cadillac, mwambie hapana, alipigwa picha na gari lililowanyima usingizi watengenezaji wa Cadillac.

Haki ya Harley Earl nayo tusiifiche, kwa sababu pezi lilianza kwake. Mwaka 1927 General Motors ilimfungulia idara ya ubunifu, ya kwanza ya aina yake katika kampuni kubwa ya magari, na ni yeye aliyezoesha Detroit kuchonga gari kwa udongo wa mfinyanzi kwa ukubwa wake kamili kabla ya kukata bati. Wakati wa vita aliwapeleka wabunifu wake kuiona ndege ya kivita ya Lockheed P-38, ile yenye viwiliwili viwili na mkia pacha. Mkia ule ukabaki vichwani mwao. Mwaka 1948 Cadillac ikatoka na vinundu viwili vidogo nyuma, si zaidi ya kiganja. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa inainuliwa, na chini yake ndipo palipofichwa kifuniko cha tangi la mafuta. Nimewahi kumwona mtoto akizunguka gari la namna hiyo mara tatu akitafuta pa kutilia petroli, na mwenye gari amesimama tu anatabasamu.

Binamu yako naye nisimwache bila jibu, kwa sababu Chevrolet ya 57 ndiyo gari la zama zile ambalo kila mtu anadhani analijua. Chevrolet za 1955, 1956 na 1957 ni kanzu moja yenye tarizi tatu. Bodi ni ile ile, na ni shule nzuri kuliko zote kwa anayeanza. Ya 1955 ina grili ndogo ya vijumba vya mraba, ambayo wabunifu waliiazima kutoka kwa Ferrari, na kifuniko cha mafuta kinaonekana wazi ubavuni kushoto. Ya 1956 grili imetanuka kutoka taa hadi taa, na kifuniko kimejificha nyuma ya taa ya kushoto. Ya 1957 ina mapezi makali, bampa ya mbele ina vichwa viwili vya risasi, na mafuta yanatiliwa nyuma ya ukanda wa kromu kwenye pezi la kushoto. Kama ni Bel Air, daraja la juu, ina bati la alumini lenye mifereji linalojaza upande wa nyuma. Sasa linganisha na picha yako. Pezi la Chevrolet limelala, mgongo wake unakwenda sawia na buti, na taa yake ya nyuma iko chini ya ncha. La babu linapanda mpaka mwisho. Ukiisha kuuona mwinuko ule hutachanganya tena magari haya mawili hata ukiyaona gizani kwa kivuli.

Mengine nakupa kwa haraka, yakufae ukitazama picha za zamani. Buick ina matundu ubavuni mwa boneti tangu 1949: matatu kwa za chini, manne kwa Roadmaster, na watu wa mtaani waliyahesabu kabla ya kumsalimia mwenye gari. Pontiac ina mistari ya fedha inayopita juu ya boneti, kuanzia 1935 mpaka 1956. Ford ya 1949 ina duara moja kama pua katikati ya grili, ya 1951 ina mawili. Studebaker ya 1950 na 1951 ina pua ya ndege mbele kabisa. Nash ya 1949 imefunika hata magurudumu ya mbele, inafanana na bafu lililopinduliwa. Edsel ya 1958 ina grili ya wima kama kola ya farasi, na masikini hajawahi kusamehewa kwa hilo. Na Impala: hesabu taa za nyuma. Ya 1958 ina tatu kila upande, ya 1960 vilevile, wakati Bel Air ya 1960 ina mbili mbili. Ila Impala ya 1959 ina jicho moja kubwa la paka kila upande, chini ya mapezi yaliyolala kama mbawa za popo.

Umeuliza tunaona nini ndani yake. Nimefanya kazi ya kunyoosha bodi za magari ya zamani huku Michigan kwa miaka mingi, na nitakujibu kama fundi. Kwanza, uwazi. Mwaka 1949 General Motors ilitoa magari yenye paa la bati lakini bila nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Shusha vioo vyote, ubavu mzima unakuwa wazi kama varanda, hakuna kitu kati ya kiwiko cha dereva na cha abiria wa nyuma isipokuwa upepo. Fundi anajua ugumu wake: bila nguzo ile bodi inataka kunesa, na milango inataka kupotea mahali pake. Waliimarisha chesisi na kuubeba uzito ili tu mtu apate uwazi. Sheria za usalama na hali ya hewa ya bandia ndani ya magari zimetuondolea jambo hili, na sidhani litarudi. Tazama kama gari la babu lina nguzo hiyo. Kama halina, basi alikuwa na ile aina nzuri zaidi.

Pili, mikono. Unapopitisha kiganja kwenye pezi, unakuta bati limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na mpindo huo ulianza kwenye udongo chini ya viganja vya mtu, si kwenye hesabu. Panapobonyea, huwezi kuiga kwa macho. Lazima ufumbe macho uguse. Wazee walionifundisha walikuwa wakifumba macho.

Sisemi kila kitu cha zama zile ni kizuri. Mwaka 1958 kromu iliwapanda watu kichwani. Buick ya mwaka ule ina grili ya vipande 160 vya mraba, kila kimoja kimechongwa na kung'arishwa, na ukisimama mbele yake hujui gari linakutazama kwa jicho gani. Kwangu mimi gari zuri kuliko yote ya miaka ya hamsini halina pezi kabisa: ni Studebaker ya 1953 ya milango miwili, iliyochorwa na Robert Bourke katika studio ya Raymond Loewy. Ni ya chini, safi, imeacha kromu karibu yote, na mpaka leo haijazeeka. Lakini haikuokoa kiwanda chake kule South Bend, kilichofungwa Desemba 1963. Na gari lililoyafunga mapezi ni Lincoln Continental ya 1961 ya Elwood Engel: ubavu mnyoofu, ukanda mwembamba wa kromu juu ya madigadi, milango ya nyuma inayofunguka kinyume, basi. Baada yake kila pezi lilionekana la jana.

La babu lilikuwa na ugonjwa wake pia, na ni vizuri uujue. Magari ya Chrysler ya 1957 yalisukumwa sokoni kwa haraka. Yalivuja maji, na kutu ilianza kuyala mapema, hasa kule Ohio na majirani zake ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ndiyo maana Plymouth nyingi hazikufika mbali, na ndiyo maana mwaka 1961 mwanafunzi angeweza kuimudu, au rafiki yake angeweza. Siwezi kukwambia kama lilikuwa lake. Wanafunzi wengi walipiga picha na gari la jirani wakaituma nyumbani, na hakuna ubaya. Lakini kukaa kwake kwenye usukani, mkono mmoja dirishani, si kukaa kwa mtu aliyeazimwa dakika mbili.

Kutu ile ina kisa chake. Juni 15, 1957, mji wa Tulsa, Oklahoma, ulizika Plymouth Belvedere mpya, ya rangi ya dhahabu na nyeupe, ndani ya sanduku la zege chini ya ardhi mbele ya mahakama, ifukuliwe baada ya miaka 50. Ndani waliweka petroli, wakidhani huenda watu wa mbele wasingekuwa nayo. Juni 2007 maelfu walikusanyika. Maji yalikuwa yamejaa sandukuni. Gari lilitoka limepakwa matope na kutu kutoka bampa hadi bampa, halikuweza kuwaka, na bati lake lilikuwa limelika kama karatasi. Niliziangalia picha zile usiku kucha. Lakini hata katika hali ile, mstari wa Exner ulikuwepo: kutoka taa ya mbele, chini ya madirisha, ukipanda taratibu hadi ncha ya pezi.

Kuhusu picha zenyewe, nakuomba mambo matatu. Usizikate kingo nyeupe hata kama zimechafuka. JUN 61 ni tarehe ya kusafisha filamu, si lazima iwe siku ya kupigwa, na huwa inapotea watu wanapokata picha zitoshee fremu. Zichanganue mbele na nyuma kwa ubora wa juu kabisa. Kisha kuza sehemu ya bampa: namba za gari za Marekani za wakati ule zina upana wa inchi 12, na majimbo mengi yalichapa mwaka juu yake. Zikisomeka, utajua gari lilisajiliwa jimbo gani na mwaka gani, ingawa hazikwambii gari limetengenezwa lini. Kuza pia ubavu: jina la daraja, Plaza, Savoy au Belvedere, huandikwa kwa herufi za kromu. Plaza ni ya chini, Belvedere ya juu.

Na moja la mwisho. Katika picha ya pili tazama kushoto kwa usukani, upande wa mlango. Magari yale yaliyokuwa na gia za kujibadilisha yenyewe hayakuwa na mkono wa gia. Yalikuwa na vitufe vya kubonyeza kwenye dashibodi, mkono wa kushoto. Kama pana safu ya vitufe pale, basi babu yako, aliyetoka nchi ambako usukani uko kulia na gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, alikuwa akiliondoa gari kwa kidole kimoja. Ukivikuta, niandikie.